Kabla hujaita mwenye msumeno, soma kwanza matundu ya mti wako

JUMAPILI moja asubuhi shangazi yangu alisimama nyuma ya nyumba yetu mtaani Kahawa West, kikombe cha chai mkononi, akautazama mparachichi wa mama kwa muda, kisha akateremsha sauti: "Huu mti umetiwa chumvi."

Usicheke. Hata wewe ungeamini. Shina lilikuwa na matundu, na midomoni mwa baadhi ya matundu hayo kulikuwa na unga mweupe uliokauka, kama chumvi iliyomwagika mezani. Upande mmoja wa mti majani yalikuwa yamepukutika. Na unajua vile mtaani huwa. Mti unaozaa ukianza kunyauka, watu hawaulizi ni mdudu gani. Huuliza ni jirani gani.

Kufikia saa saba mchana tulikuwa na hukumu tatu. Ya shangazi ndiyo hiyo ya chumvi. Jirani wa ng'ambo ya ua alileta chupa ya dawa ya kupe iliyobaki alipokuwa shags kuogesha ng'ombe, akashauri tuimimine katika kila tundu. Wa tatu alikuwa fundi mwenye msumeno wa mashine. Aliuzunguka mti mara moja tu akasema umeisha, ataukata kwa Sh6,000 na kuni abebe yeye. Mama, ambaye kila upepo ukivuma huwaza mabati ya jirani, alikubaliana na fundi. Kazi ingefanywa Jumamosi.

Mimi na huo mti ni marika. Ulipandwa mwaka niliozaliwa. Nilipoingia chuo, avokado zake ndizo mama alimuuzia mama mboga wa pale kona ili nipate nauli ya muhula wa kwanza. Kwa hivyo niliomba kitu kimoja: nipewe siku hizo sita kabla ya Jumamosi nijue ni nini hasa kilichoutoboa. Mama alikubali shingo upande.

Niliyojifunza ndiyo nataka kukupa leo, kwa sababu najua kuna mti mahali unapoishi. Kama si mparachichi, ni mwembe, mpera, mlimau au ule mjakaranda wa getini. Na siku moja utaona tundu.

Tundu ni alama ya kidole

Jambo la kwanza: tundu lenyewe si ugonjwa. Lichukulie kama alama ya kidole mahali palipoibwa. Linakuambia kuna aliyepita hapo. Halikuambii kila mara kwamba huyo ndiye muuaji.

Wanaotoboa miti ni wengi na kila mmoja ana shughuli yake. Kuna anayetafuta chakula. Kuna anayejenga nyumba ya kulea watoto. Kuna aliyezaliwa ndani ya mti na sasa anatoka kwenda zake. Na kuna binadamu mwenye nyundo na msumari. Wengi wa wadudu hao hawapendi kabisa mti wenye nguvu. Mti wenye afya hujitetea, humwaga utomvu na kumzamisha mdudu kabla hajafika mbali. Mdudu hungoja mti udhoofike, sawa na fisi anavyomfuata mnyama anayechechemea.

Kwa hivyo maswali ni mawili, na watu wengi huuliza moja tu. La kwanza ni nani aliyetoboa. La pili ni kwa nini ameuchagua mti huu, na kwa nini sasa.

Mtandao ulinipeleka Marekani

Usiku ule nilifanya kile wewe pia ungefanya. Nilipiga picha, nikaingia mtandaoni, nikaandika "matundu kwenye shina la mti" kwa Kiingereza. Majibu ya kwanza yalikuwa mazuri, yenye picha safi. Shida ni kwamba hayakuwa ya kwetu.

Jibu moja lilisema aliyetoboa ni ndege aitwaye sapsucker, ambaye hupanga matundu madogo kwa mistari iliyonyooka kama aliyetumia rula, kisha hurudi kunywa utomvu unaotiririka. Ni kweli, ndege huyo yupo. Lakini makao yake ni Amerika. Hapa Afrika hayuko, kwa hivyo hawezi kuwa ndiye aliyetoboa mti wa Kahawa West.

Jibu la pili lilimtaja mbawakawa wa kijani anayeng'aa, emerald ash borer. Huyo alitoka Asia akagunduliwa jimboni Michigan mwaka wa 2002, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti kule. Tundu lake lina umbo la herufi D. Lakini hula miti ya jamii ya ash, na mparachichi hauko katika jamii hiyo.

Kwa hivyo kabla hujaamini picha yoyote ya mtandaoni, jiulize: wanazungumzia mti gani, na uko nchi gani? Mdudu aliyezoea mwaloni wa Ulaya hana haja na mwembe wako.

Sisi tuna ndege wetu. Kigong'ota yuko hata humu Nairobi. Ukiwa kimya asubuhi utamsikia akigonga. Akitafuta chakula huacha vishimo visivyo na mpangilio, gome likiwa limebanduliwa ovyo, hasa kwenye tawi lililokauka. Akijenga kiota huchimba tundu la mviringo lenye upana wa sentimita kadhaa, safi kama lililochongwa na seremala. Zuwakulu naye, yule ndege mwenye mdomo mnene, huchimba vivyo hivyo kwenye mti mkavu au unaooza. Ukiona kazi ya ndege hawa, usiwakasirikie. Kigong'ota hagongi kwa kujifurahisha. Mara nyingi amesikia buu ndani. Yeye ni kama daktari anayekuonyesha mahali panapouma.

Kalamu, kiberiti na karatasi nyeupe

Huhitaji maabara kuanza uchunguzi. Mimi nilitumia kalamu ya biki, njiti ya kiberiti, penseli, karatasi nyeupe, gundi ya karatasi ile wachoraji rangi hubandika ukutani, na tochi ya simu. Anza na upana.

Tundu lisilozidi ncha ya kalamu, la mviringo kamili, likiwa na wenzake wengi kama aliyepigwa risasi za pini: hapo washukiwa ni mbawakawa wadogo sana, saizi ya mbegu ya simsim au chini ya hapo. Baadhi yao hawali mti wenyewe. Huingia na mbegu za kuvu, huzipanda katika kuta za handaki, na watoto wao hula hiyo kuvu. Ndiyo, ni wakulima. Wamelima kabla ya binadamu kujua jembe. Wakati mwingine hutoa vumbi lililoshikana kama kijiti cha meno kikichomoza kwenye tundu. Ukikigusa kinavunjika.

Tundu la unene wa penseli, la mviringo, ambalo chini yake kuna machujo ya mbao yanayoanguka kila siku: mshukiwa ni mbawakawa mkubwa zaidi. Wakulima wa kahawa wanamjua mmoja mweusi, mwenye mwili kama silinda na kichwa kilichoinamia kifuani, wa jamii ya Apate. Huyu akiwa mkubwa hutoboa shina au tawi la mti ulio hai, akachimba kuelekea juu, akila. Mara nyingi ukimkuta yumo ndani bado.

Tundu la unene huohuo lakini lenye umbo la yai, halina machujo mapya, na gome kando yake limepasuka au kuzama: hapo huenda unatazama mlango wa kutokea. Mbawakawa wenye papasi ndefu hutaga mayai kwenye gome. Buu akianguliwa huingia na kula ndani kwa miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka, bila wewe kujua. Akishakuwa mdudu kamili hutoboa njia na kuruka. Kumwaga dawa katika tundu kama hilo ni kufunga mlango mwizi akiwa ameshafika Githurai.

Tundu la upana wa kidole, kwenye tawi kavu au nguzo, na nje yake anavuma yule nyuki mkubwa mweusi anayetisha watoto: huyo anajenga. Hutoboa mbao iliyokufa, hagusi mti mbichi wenye afya. Ukiwaona nyuki wadogo kabisa wakipita kwenye kijineli cha nta kinachochomoza shinani, hao ni nyuki wasiodunga. Wamepata pango lililokuwepo tayari. Waache, wanachavusha maua yako.

Mchwa nao hulaumiwa sana bure. Alama yao ni udongo, vijia vya matope vinavyopanda juu ya gome. Kwangua tope hilo uone. Mara nyingi walikuwa wanakula gome lililokufa tu na shina chini yake ni zima.

Halafu kuna mtoboaji ambaye hayumo katika vitabu vya wadudu. Tazama kama matundu yako kwenye usawa wa kifua cha mtu, mawili mawili au manne manne yakifanya pembe za mstatili. Huyo ni msumari. Bango la mganga, la mwalimu wa tuisheni, la nyumba ya kupangisha, kamba ya kuanikia nguo. Bango lilianguka zamani, tundu likabaki, kutu ikiwa imechora mstari mweusi kuelekea chini.

Ni jipya au la kale?

Swali hili ndilo litakaloamua kama una vita au una kovu tu. Jibu lake ni rahisi.

Jioni, futa vumbi lote shinani kwa brashi. Tandika karatasi nyeupe chini ya mti na uibane kwa mawe. Kisha bandika vipande vya ile gundi ya karatasi juu ya matundu kumi hivi, uandike tarehe. Rudi baada ya siku mbili tatu. Kama karatasi ni safi na gundi haijaguswa, huenda wenyeji walishahama. Kama kuna machujo mapya ya rangi ya mbao mbichi, au gundi imetobolewa kutoka ndani, basi kuna mtu nyumbani.

Kisha kwangua gome kidogo kwa ukucha au kisu, mahali tofauti tofauti. Chini yake pakiwa kijani au rangi ya maziwa na unyevu, hapo mti uko hai. Pakiwa kahawia na pakavu, hapo umekufa. Fanya hivyo kuzunguka shina lote na kwenye matawi makuu. Utapata ramani ya mahali mti ulipo hai na mahali ulipokwisha. Ramani hiyo ina faida kuliko maneno ya majirani kumi.

Ile "chumvi"

Sasa turudi kwa shangazi. Ule unga mweupe niliuonja? Sikuuonja, na wewe usionje, hasa kama kuna jirani mwenye chupa ya dawa ya kupe. Lakini nilijua ulikotoka.

Mparachichi ukijeruhiwa, utomvu wake hutoka na kukauka ukawa unga mweupe. Ndani yake kuna sukari ya aina ya pekee iitwayo perseitoli, jina lililotokana na Persea, jina la kisayansi la mparachichi. Mdudu akitoboa, unga hutokea. Msumari ukipigwa, unga hutokea. Hata panga likiukwaruza. Ni damu iliyoganda ya mti huo, haina uhusiano na jirani yeyote.

Unga huohuo una historia kubwa. Mnamo Februari 2012, mjini South Gate katika kaunti ya Los Angeles, Marekani, watafiti walichunguza mparachichi mmoja uliokuwa nyuma ya nyumba ya mtu, matawi yake yakifa. Si shamba kubwa la biashara. Mti wa nyumbani kama wako. Ndani yake walimpata mbawakawa mdogo kutoka kusini mashariki mwa Asia pamoja na kuvu anayoibeba na kuilima, kuvu inayoziba mishipa ya mti ya kupitisha maji. Mdudu huyo, wa jamii ya Euwallacea, amekuwa tishio kwa miti mingi ya mitaani na mashambani kule California. Mwaka wa 2017 akagunduliwa Afrika Kusini, katika bustani ya mimea jijini Pietermaritzburg, na baadaye akapatikana Johannesburg na miji mingine ambako miti ya kando ya barabara imelazimika kukatwa.

Nakusimulia hayo kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu wa kawaida aliyeuliza kuhusu mti wa nyuma ya nyumba anaweza kuwa ndiye aliyepiga kengele kwa nchi nzima. Ya pili, wadudu wa aina hii husafiri ndani ya kuni. Ukikata tawi lenye matundu, usilipakie kwenye buti ukapeleke shags kwa shosho akapikie. Unaweza kuwa unampelekea shosho mgeni asiyemtaka kwenye mashamba yake.

Tulichokipata nyuma ya nyumba

Jumatatu nilihesabu. Matundu yaliyokuwa yameitia familia nzima hofu hayakuwa ya mtu mmoja. Yalikuwa ya aina tatu.

Aina ya kwanza ilikuwa misumari. Kumi na minne. Mengi ya matundu yenye "chumvi" yalikuwa hayo. Kamba ya kuanikia nguo ilifungwa hapo miaka kadhaa, halafu tukaihamisha na kusahau.

Aina ya pili ilikuwa tundu moja tu la unene wa penseli kwenye tawi kubwa la upande uliopukutisha majani. Machujo yalikuwa yakianguka. Jumatano nilipochungulia karatasi yangu, yalikuwa yamejaa kiganja.

Aina ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi: matundu madogo ya ncha ya kalamu, zaidi ya arobaini, yote upande mmoja wa shina, kutoka chini hadi usawa wa kiuno. Pande nyingine hakuna hata moja. Nilipokwangua gome upande ule, palikuwa kahawia na pakavu, kipande kikubwa kama mlango wa kabati. Upande wa pili kijani kibichi.

Alhamisi nilikata kipande cha tawi kavu lenye matundu, nikakifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, pamoja na picha za simu, nikaenda kumwona afisa wa kilimo. Nilitarajia aniambie jina la mdudu na jina la dawa. Alitazama kipande kwa lenzi ndogo, akasema hao wadogo ni mbawakawa wanaopenda mti uliojeruhiwa. Kisha akazipitia picha polepole na kuniuliza, "Huu upande wenye matundu, chini yake huwa mnafanya nini?"

Nikanyamaza.

Chini ya upande ule ndipo tulipokuwa tukichomea taka. Tangu gari la taka lianze kuja linapotaka, kila Jumamosi mtu alikusanya karatasi, majani na plastiki akawasha moto karibu na shina, kwa sababu pale hapapigi upepo. Na mtu huyo ni mimi.

Moto ule haukuwa mkubwa, lakini gome la mparachichi ni jembamba. Joto liliua tabaka la chini yake kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Juu ya hapo, mwaka uliotangulia tulitandaza kabro nyuma ya nyumba hadi zikalibusu shina, kwa sababu zinapendeza na gari halikwami. Mizizi mingi ya mparachichi iko juu juu, na inataka hewa na maji. Tuliifunika. Mti ukachoka. Mdudu akasikia harufu ya mti uliochoka, akaja.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi alikuwa na haki kwa nusu: kweli kuna mtu aliyeudhuru mti. Ila alimtafuta ng'ambo ya ua, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama kando yake akimwongezea chai.

Usijaribu haya

Nikirudi kwako. Ukishaona matundu, kuna mambo watu watakushauri kwa nia njema kabisa. Yakatae kwa heshima.

Dawa ya kupe, petroli, dizeli, oili chafu au Jik visimiminwe shinani. Haviwafikii wengi wa walio ndani, huua sehemu ya mti iliyo hai, na kama ni mti wa matunda, wewe na majirani ndio mtakaokula. Dawa yoyote unayonunua iwe na usajili wa bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB, na iwe imeandikwa kwa mmea huo na mdudu huyo.

Usizibe pango kwa saruji. Zamani ilikuwa kawaida, ila saruji haipindi mti unapoyumba, na maji hunasa nyuma yake, mbao ikaoza zaidi. Usipake rangi ya nyumba kwenye vidonda. Mti hufunga kidonda wenyewe ukiwa na nguvu.

Na usikate kwa hofu. Ukweli ni kwamba kuna wakati kukata ni lazima. Uyoga mgumu ukiota kwenye shina au mizizini, ufa mrefu ukitokea, mti ukianza kuinama ghafla na udongo upande wa pili kuinuka, au ukigonga shina likilia kama ngoma tupu sehemu kubwa, hapo usicheze. Ita mtaalamu, ondoa watoto na magari, na uulizie ofisi ya mazingira ya kaunti kuhusu idhini kabla ya msumeno kulia. Matundu ya ncha ya kalamu peke yake hayatoshi kuwa hukumu ya kifo.

Fanya haya

Kata tawi lililokufa, ukianzia kwenye kijani kidogo, kwa msumeno safi uliofutwa kwa spiriti. Lile lililobunguliwa lichanwe vipande vidogo, lifungwe ndani ya karatasi ya plastiki na kuachwa juani wiki kadhaa, hapo hapo lilipokatwa. Kama kuna tundu la unene wa penseli lenye machujo mapya, chukua waya mwembamba usio legelege, uuingize taratibu ukifuata njia hadi umfikie aliyemo. Wakulima wa kahawa hufanya hivyo na inafanya kazi.

Fungua nafasi kuzunguka shina. Ondoa kabro au saruji angalau kwa mita moja kila upande, zaidi ukiweza. Weka majani makavu juu ya udongo, lakini yasiguse shina. Mwagilia maji mengi mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi badala ya kikombe kila siku. Ng'oa misumari inayotoka kwa urahisi. Iliyomezwa na mti iache.

Ukishindwa kumtambua mdudu, omba msaada. Kuna afisa wa kilimo wa wadi, kuna kliniki za mimea zinazofanyika masokoni katika kaunti nyingi, kuna watafiti wa misitu wa KEFRI kule Muguga. Humu humu Nairobi, Kasarani, ndipo ilipo ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Mkenya, Prof Thomas Odhiambo. Nchi iliyowapa ulimwengu kituo kama hicho haifai kutibu miti kwa dawa ya kupe.

Unapoomba msaada, peleka picha tano: mti mzima, shina lote, tundu kwa karibu likiwa na kalamu kando yake ili upana uonekane, vumbi lililo chini, na mazingira ya mti hadi mita mbili. Hiyo ya tano watu huisahau. Kwetu ndiyo iliyotoa jibu.

Jumamosi ilipofika

Fundi alikuja na msumeno wake kama tulivyoagana. Nilikuwa nimemweleza mama kila kitu usiku wa kuamkia, pamoja na habari ya moto. Hakunigombeza. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Basi akate lile tawi tu." Fundi alilipwa Sh1,500 na akaondoka amenuna kidogo, bila kuni.

Siwezi kukudanganya kwamba mambo yalikwenda sawa mara moja. Tawi lile ndilo lililokuwa likizaa zaidi. Msimu uliofuata mama mboga alipata avokado chache mno, na mama alilazimika kutafuta pesa kwingine. Lile gome lililokufa halikufufuka. Kuna kovu refu upande ule, na matundu yale arobaini bado yapo, ingawa ile gundi ya karatasi haijatobolewa tena. Lakini kingo za kovu zimeanza kuvimba, mti ukijifunga polepole kama mtu anayevuta shuka. Na msimu huu umetoa maua.

Taka zetu sasa tunampa kijana wa mkokoteni kila Ijumaa kwa Sh50. Shangazi akija bado hutazama shina kwa jicho la shaka. Namwachia.

Wewe kesho asubuhi, kabla hujatoka kwenda kutafuta riziki, zunguka nyuma ya nyumba. Uzunguke mti wako mara moja ukiwa na kalamu mkononi. Ukiona tundu, usikimbilie msumeno. Tazama upana wake, tazama kilicho chini yake, kisha geuka utazame pale unaposimama na ujiulize nini hufanyika hapo kila Jumamosi.